Fundi wa Mguu wa Boti na Kiti cha Mama Mkwe

Kakamega tuna mvua kuliko sala, na sala tunazo nyingi. Inanyesha karibu kila alasiri, inaangusha migomba, inajaza mitaro, inazoa vifaranga vya watu. Lakini ziwa hatuna. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kazi yake hapa kwetu ni kukagua na kutunza mguu wa boti, una haki ya kumtazama mara ya pili na kumuuliza kama ameshakula.

Mtu huyo ni Cleophas, mume wa binamu yangu Awinja. Alizaliwa Shinyalu katikati ya mahindi na maharagwe, akaenda Kisumu akiwa kijana, akaajiriwa na tajiri mmoja aliyekuwa akizungusha watalii ziwani. Tajiri alipofariki, warithi waligawana boti vipande vipande, mmoja akachukua injini, mwingine usukani, na Cleophas akarudi nyumbani na sanduku la spana na ovaroli ya buluu. Ovaroli hiyo aliivaa hata siku alipokwenda kuposa.

Mimi naitwa Sellah. Mama yake Awinja, Nasambu, ni dada ya baba yangu, kwa hiyo kwangu yeye ni senje, yaani shangazi. Siku ya posa nilikuwa jikoni nikimsaidia kusonga obusuma, ugali wetu, na tulisikia kila kitu kupitia ukuta. Wazee waliuliza kijana anafanya kazi gani. Wakaambiwa anatengeneza boti. Senje aliacha mwiko ndani ya sufuria, akanitazama.

"Boti," alisema. "Na maji iko wapi?"

Swali hilo lilimfuata Cleophas maisha yake yote ya ndoa. Na hakuweza kulijibu mwenyewe, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe wana ukuta wao. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawaketi karibu, na wakikutana kwenye kijia mmoja huingia kwenye miwa mpaka mwenzake apite. Aliyekuwa akiingia kwenye miwa ni Cleophas, maana senje hajawahi kupisha hata trekta. Wakilazimika kusemezana, wanaazima mdomo wa mtu wa tatu. Mdomo huo ulikuwa wangu, na hakuna aliyewahi kunishukuru.

"Sellah, uliza huyo mtu kama boti zake zimeshaona maji," senje angesema akiwa kizingitini kwake.

Cleophas yuko nyuma ya ghala, anamsikia vizuri kabisa. Lakini atasubiri mpaka niende, nirudie, ndipo ajibu: "Shemeji, mwambie mama kazi iko. Mungu akipenda ataona."

Cleophas alitaka kitu kimoja tu duniani: senje akubali kwamba binti yake ameolewa na fundi. Hakutaka gari wala shamba. Nimemwona akirudi kutoka kwenye miwa ovaroli imejaa nywele za majani, akijipangusa polepole, na nilimwonea huruma. Huruma hiyo baadaye iliniisha, nitaeleza.

Bahati yake ililetwa na Osiako. Osiako ana matrekta yanayosomba miwa kwenda viwandani, na mtu akishakuwa na matrekta ya kutosha huanza kuona kwamba watu wanamhitaji. Alitaka kiti cha siasa. Nyuma ya shamba lake, upande wa barabara ya Butali, kulikuwa na shimo kubwa lililochimbwa murram, changarawe nyekundu ya kutengenezea barabara. Mvua ilikuwa imelijaza mpaka pomoni. Osiako akapanda nyasi ukingoni, akasimamisha bango la OSIAKO BICHI, akanunua boti. Kabla haijafika alikuwa ameshajipiga picha na mahali itakapokaa.

Cleophas alipoiona juu ya trela aliivulia kofia. Haikuwa ya injini ya kuning'iniza nyuma kama zile wanazotumia wavuvi. Injini ya hii imo ndani, kwenye sanduku la nyuma kabisa, kama ya gari, na nje kuna mguu mzito wa chuma unaoteremka majini, propela ikiwa kisiginoni. Injini inaizungusha propela kupitia tundu kwenye ukuta wa nyuma wa boti. Tundu hilo liko chini ya maji, na linalozuia maji yasiingie ni raba nene yenye mikunjo mikunjo, ambayo mafundi wetu wa magari wangeiita buti. Cleophas alitufundisha sote, tukitaka tusitake, kwamba boti nzima imewekwa rehani kwenye buti hiyo.

Akaajiriwa. Kila Jumamosi ukaguzi ulikuwa kama ibada. Boti ilikaa kwenye trela kando ya barabara, kwa sababu Osiako alikuwa akingoja siku ya kuizindua rasmi, na siku rasmi za mwanasiasa hazilingani na za kalenda. Cleophas aliubandika mguu vikombe viwili vya mpira vilivyounganishwa na paipu ya maji ili injini isiungue, kisha akaiwasha hapo hapo nchi kavu. Wanaume waliotoka kutazama fahali wakipigana walipitia kumtazama yeye. Alifungua skrubu ya chini ya mguu, akachovya kidole kwenye oili, akakiinua juu.

"Ikikuwanga kama chai ya maziwa, mjue maji imeingia," alitangaza. "Hii iko kama asali. Mguu ni mzima."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Akapaka grisi, akazungusha propela kwa mkono, akapiga chuma kwa kifundo cha spana na kukisikiliza. Wengine walikuja na viti.

Tatizo la Cleophas halikuwa mikononi. Lilikuwa kwenye uti wa mgongo. Kwenye mguu ule kuna kipande cha zinki ambacho kazi yake ni kuliwa na kutu ili chuma kingine kisiliwe, na ukikipaka rangi umekifunga mdomo. Osiako alikiona kimechakaa, akaagiza kipakwe rangi ya chama chake. Cleophas alimweleza madhara yake vizuri sana, kwa sauti ya chini sana, kisha akaenda kutafuta brashi.

Halafu kukaja suala la mguu kukaa juu. Niliwasikia kwa masikio yangu nikipita na kuni.

"Mkubwa, mguu ikikaanga juu hivi, buti inajibana upande moja. Jua inaipiga, inapasuka. Tuiteremshe."

"Ikiwa chini, nani ataona propela?" Osiako aliuliza. "Watu wa barabara watasema nimenunua kitanda."

"Ni kweli, mkubwa."

Mguu ukabaki juu, msimu wa jua na msimu wa mvua. Cleophas alinieleza mimi ubaya wake. Akamweleza Awinja. Akawaeleza wanaume waliokuja na viti. Aliyepaswa kuambiwa mara ya pili, na ya tatu kwa ukali, hakuambiwa. Hapo ndipo huruma yangu ilipoanza kuisha.

Hatimaye siku ya uzinduzi ikapangwa. Osiako alihitaji mgeni wa heshima, naye si mjinga: alimchagua senje, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, ambao akisema ndiyo wanasema ndiyo na akikohoa wanakohoa. Habari ilipomfikia Cleophas aliketi chini, akacheka peke yake. Mama mkwe wake angepanda boti yake, juu ya maji, mbele ya watu wote. Awinja aliniambia kwamba alifua ovaroli mara mbili.

Wiki hiyo hiyo aliuteremsha mguu ili aukague kwa mara ya mwisho. Akapiga magoti kwenye matope, jambo ambalo Jumamosi hakulifanya kwa sababu ya watazamaji, akapanua mikunjo ya buti kwa vidole. Kwenye mkunjo wa chini kabisa, pale ulipojibana miezi yote, palikuwa na ufa unaomeza ukucha.

Alikwenda kwa Osiako mbio. Osiako alikuwa akipimwa suti.

"Fundi, mahema imekuja. Fahali imeshachinjwa. Pasta ameshachagua mstari. Mimi nisimamishe watu wote sababu ya raba?"

"Naweza kuagiza ingine kutoka Mombasa, mkubwa."

"Ni safari moja tu, huku na kurudi. Bandika kitu."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Cleophas aliuziba, kwa kipande cha tyubu ya bodaboda na gundi ya pancha. Akajifariji kwa sheria yake ya Kisumu, ile aliyoihubiri kila Jumamosi: boti ikishaingia majini, fundi hafungui kamba ya mwisho kabla hajainua kifuniko cha injini na kutazama ndani kwa macho yake. Maji yakionekana, inarudi juu. Angekuwa ndani ya boti mwenyewe, kifuniko wazi, macho kwenye buti. Nani angezama?

Siku ikafika, bila wingu, kitu ambacho pasta alikitaja kama ishara. Ngoma za isikuti zililia tangu asubuhi. Baada ya sala ndefu ya kukemea ajali za nchi kavu na za majini, trekta la miwa liliisukuma trela mpaka boti ikaelea, na watu wakapiga vigelegele utadhani imejifungua. Cleophas alisimama ukingoni ameshika kamba ya mwisho, ovaroli imenyooshwa kwa pasi. Alikuwa akingoja Osiako amwite aingie atazame.

Osiako hakumwita. Alimpandisha senje, na kwa heshima zote akamtafutia kiti kizuri kuliko vyote. Sasa, kiti kizuri kuliko vyote kwenye boti ya aina hiyo ni godoro jeupe lililoko nyuma, pana, laini, lililotengenezwa kufunika sanduku la injini. Lile godoro ndilo kifuniko. Senje, ambaye Mungu hakumnyima mwili, aliketi juu yake kwa kitenge kipya, akatandaza mikono, akaniita nikae karibu nimshikie mkoba.

Nilimwona Cleophas akibadilika rangi. Ili ainue kifuniko, ilimpasa kuingia kwenye boti ambayo mama mkwe amekaa, nayo ni ndogo kuliko jikoni kwa senje. Hawezi. Ili senje ahame, lazima mtu amwambie, na yeye si mtu wa kumwambia. Kwa hiyo akanitafuta mimi kwa macho.

"Shemeji Sellah! Mwambie mama asimame kidogo."

Nikageuka. "Senje, mkwe wako anaomba usimame kidogo."

Senje hakutikisika. "Uliza huyo mtu, hii kiti ni yake?"

"Shemeji, anauliza kama kiti ni chako."

"Hapana! Mwambie ni..." Akasita. Umati wote ulikuwa ukimngoja. Unasemaje mbele ya watu kwamba unataka kutazama chini ya mama mkwe wako? "Mwambie kuna kitu nataka kuangalia, hapo... hapo chini ya... hapo alipo."

Kicheko kilianzia kwa wapiga ngoma na kuenea mpaka kwenye mahema. Mzee mmoja alitema mate chini. Senje aliitazama miwa ya ng'ambo kana kwamba amefiwa.

Kama Cleophas angepaza sauti wakati ule, "Buti imepasuka!", maneno mawili tu, kila mtu angemcheka na kila mtu angeshuka. Nilikuwa nikimtazama. Mdomo ulifunguka.

"Basi, shemeji," alisema. "Mwambie hakuna shida."

Akaiachia kamba.

Osiako aliwasha injini, akapunga mkono, akatupeleka katikati ya shimo. Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba pua ya boti imeinuka kwa majivuno. Nikadhani ndivyo boti zinavyofanya. Kisha injini ikakohoa na kuzima.

"Sellah," senje alisema taratibu, "maji ya Osiako iko kwa viatu yangu."

"Ni kawaida, mama," Osiako alisema, akiwa amegeukia wapiga picha. "Boti mpya hunywa kidogo."

Makoti ya kuelea yalikuwepo, mazuri, ya rangi ya chungwa. Yalikuwa yamefungiwa kwenye nailoni yake chini ya usukani ili yasichafuke. Osiako alirarua nailoni, akavaa koti moja, akaruka majini kutuombea msaada, na aliuomba mpaka alipofika ukingoni. Mimi nilipanda puani nikakumbatia chuma. Senje alibaki nyuma juu ya godoro lake, maji yamefika magotini, mkoba kichwani.

Cleophas alikuwa tayari ameshaingia. Alijifunzia kuogelea Kisumu, na alikuja kwa nguvu mpaka kwenye ukingo wa boti, pale penye kina cha kuzidi mtu mrefu.

"Sellah, mwambie asije hapa!" senje alipiga kelele. Alikuwa anazama, na bado alimsemesha kupitia kwangu. "Mwambie arudi! Heri nife na heshima!"

Nikafungua mdomo nirudie, kwa mazoea. Cleophas hakunisubiri.

"Mama," alisema, akimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu aoe, "shika shingo yangu."

Ukingoni watu waliguta kwa mshangao, kuliko walivyoguta boti ilipoanza kuzama. Senje alishika. Cleophas akamvuta juu ya mgongo wake, kitenge kikielea nyuma yao, akaogelea naye mpaka miguu ilipogusa murram, kisha akatembea naye mgongoni kupita kati ya wazee, akina mama na pasta, akamweka chini kwenye kiti cha plastiki. Halafu akarudi majini na kamba, wanaume wakaivuta boti kama wanavyovuta fahali mkaidi, nami nikiwa puani.

Ungedhani kesho yake watu wangeuliza kuhusu buti. Nani aulize! Habari iliyovuma kutoka Shinyalu hadi Butali ilikuwa moja: kuna mtu amembeba mama mkwe wake. Wazee waliketi kwa kikao. Walijadili kwa kirefu kama kubeba mgongoni ni kosa kubwa kuliko kubeba kifuani, na kama maji yanahesabika kuwa nguo. Osiako alihudhuria, akaleta soda, akasikitika kwamba vijana wa siku hizi hawana maadili. Alisikilizwa kwa makini. Nilitamani kummwagia soda yake kichwani, na mpaka leo najuta kwamba sikufanya hivyo.

Wakaamua. Cleophas alete mbuzi na blanketi, amfunike senje mabegani, senje naye achinje kuku wamle pamoja, na ukuta uwe umevunjwa. Tangu hapo wangeweza kusalimiana, kula na kuzungumza kama mama na mwana.

Siku ya kuku tulikuwa watu wanne mezani kwa senje: yeye, Cleophas, Awinja na mimi. Obusuma ilifuka moshi. Senje aligawa ingokho, yule kuku, kwa mkono wake, na kwetu firigisi, imondo, haiendi kwa mtu hivi hivi. Ni ya mwenye nyumba, au mgeni anayeheshimiwa. Aliichukua kwa kijiko, akaipitisha juu ya sahani zetu sote, akaiweka kwenye sahani ya Cleophas.

Macho ya Cleophas yalijaa maji. Miaka yote ya kuingia kwenye miwa, na sasa hii hapa, yenye mchuzi.

"Cleophas," senje alisema. Alikuwa hajawahi kulitamka jina hilo. "Ile raba. Ulijua?"

Cleophas alinigeukia. Alitaka mdomo wangu. Nami nikaitazama sahani yangu, kwa sababu kazi hiyo nilikuwa nimeshaachishwa.

"Nilijua, mama."

"Kabla nikae?"

"Kabla ukae."

Senje alinyoosha mkono, akaitoa firigisi kwenye sahani ya Cleophas, akairudisha kwenye sufuria na kufunika.

"Utaikula," alisema bila hasira, "siku utaniambia kitu kabla nikae."

Tulimaliza kula. Awinja alilia kidogo akiosha vyombo. Mimi sikulia. Niliona ni hukumu ya haki kuliko zote zilizotolewa mwaka ule katika eneo letu, na haikuhitaji soda.

Cleophas alipotea kwa senje muda mrefu. Nilisikia kwamba Osiako alimwita aitengeneze boti, na mguu uinuliwe tena ili uonekane barabarani. Nilisikia pia kwamba Cleophas alimjibu kwa sauti ambayo watu wa barabarani waliisikia, na boti ikabaki bila fundi. Sikuamini mpaka Jumapili moja baada ya ibada.

Senje alikuwa amevua viatu, amechoka, anarudi nyuma ili akalie kiti chake cha zamani cha mbao, kile cha karibu na mlango. Wageni walikuwa wamejaa, pasta akiwemo. Cleophas alikuwa ameingia sasa hivi tu, hata hajasalimia.

"Mama, usikae hapo!" alipiga kelele, nyumba nzima ikashtuka. "Hiyo kiti mguu yake imelegea!"

Senje aliganda nusu njia. Akasimama wima. Cleophas akakipindua kiti mbele ya wote, akapiga magoti na nguo zake za kanisani, akautikisa mguu. Ukabaki mkononi mwake.

Senje aliutazama ule mguu. Kisha akanigeukia mimi.

"Sellah," alisema, "toka nje ushike yule jogoo."